Chomoa Waya Kwanza

Mpaka leo mtu akisema mbele yangu, "Iko sawa, inajibu," mdomo unanijaa mate, na si mate ya hamu ya chakula. Ni yale yanayomjia mtu kabla ya kutapika. Maneno hayo yamesemwa mara mbili katika maisha yangu, na katikati yake imepita miaka kumi na tisa. Mara zote mbili aliyeyasema alikuwa juu, pakavu, na waliotakiwa kufa kwa ajili ya maneno yake walikuwa chini, au walikuwa wanavaa mabuti ili washuke.

Majina siandiki. Vyeo vyao nitavitaja vyote, na wao wakisoma watajijua.

Mimi ni mtu wa Kishapu, upande wa Mhunze. Shule niliacha darasa la tano kwa sababu ng'ombe wa baba walihitaji mtu na mimi ndiye niliyekuwepo. Pamba ilipotuangusha misimu miwili mfululizo nikaja huku Geita kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, nikachimba miaka sita mpaka siku shimo lilipotufunika. Tulikuwa watatu. Nilitoka mmoja. Goti langu la kushoto halikunjiki tangu siku hiyo, na mtu wa goti moja hana kazi chini ya ardhi.

Mgodi ninaousema sasa si duara la kienyeji. Una winchi ya umeme, una jenereta, una meneja mwenye kiti kinachozunguka. Walinipa kazi ya kutunza kontena lililo mdomoni mwa shimo. Ndani yake mna kabati la chuma, na ndani ya kabati mna ile kompyuta kubwa wanayoiita seva, inavuma mchana kutwa kama mzinga wa nyuki. Kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi, kuangalia kiyoyozi kisizime na kuziangalia taa. Fundi aliyefunga mitambo ile, mama mmoja mtu mzima ambaye sasa amehamia kwingine, alinionea huruma, au pengine alichoka kuitwa kutoka mbali kwa vitu vidogo. Akanifundisha amri nne za kuandika kwenye kibodi. Nilizinakili kwenye daftari kwa herufi kubwa. Aliniambia, "Kaka, hiki si kitu cha wasomi. Ni kitu cha mtu mwenye macho." Huyo simsemi vibaya mahali popote.

Seva zilikuwa mbili. Ya kontena ilipokea habari kutoka chini: maji yamefika wapi kwenye kisima cha mwisho cha shimo. Ya pili ilikaa nyumba ya pampu, hatua kama mia hivi kutoka pale, na hiyo ndiyo iliyowasha pampu na kupiga king'ora. Ya kwanza ina macho, ya pili ina mikono. Katikati yao umezikwa waya. Zisiposikilizana, macho yanaona maji yanapanda na mikono imelala. Habari yenyewe ni hiyo tu, mtu wa darasa la tano anaielewa, na mimi ndiye shahidi.

Na maji hayakuwa hadithi. Jirani yetu kuna shimo la zamani walilolikimbia wenyewe, limejaa maji mpaka juu. Mvua ikinyesha siku mbili yanapenya kwenye ufa na kuingia kwetu bila hodi. Ndiyo maana tulikuwa na utaratibu. Kabla zamu haijashuka, kiongozi wa zamu anakuja mlangoni kwa kontena anauliza, "Jibu lipo?" Mimi naandika amri, seva ya kontena inaiita ya pampu, ya pampu inajibu, na hesabu ya muda inaonekana kwenye kioo. Nasema, "Jibu lipo." Wanashuka.

Kiongozi wa zamu ya mchana alikuwa mdogo wangu. Tumbo moja, kitinda mimba wetu. Mimi ndiye niliyemtoa nyumbani kumleta huku, na mama alimshika mkono akauweka mkononi mwangu. Kwa hiyo nilipokuwa nasema "jibu lipo", nilikuwa namjibu mama.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na mvua ilikuwa imepiga tangu Jumanne. Asubuhi likaingia gari kutoka ofisi kuu Shinyanga, akashuka mtaalamu wa TEHAMA. Mtu wa miaka thelathini na kitu, viatu vyeupe. Viatu vyeupe mgodini, wakati wa mvua! Nikamwambia, "Karibu bosi." Hakuamkia, hakuitika, aliniangalia kama anavyoangaliwa mbwa wa mlinzi. Alikuja kupandisha mfumo endeshi, ile programu mama inayoiamsha mashine na kuipa akili, kutoka toleo la zamani kwenda jipya. La zamani lilikuwa limeachwa na waliolitengeneza. Hapo sina ugomvi. Kitu kikichakaa kibadilishwe.

Ugomvi wangu ulianza na kuku. Kwenye kontena lile nilikuwa nimekataza hata kikombe cha maji. Yeye aliingia na chipsi kuku, akaziweka juu ya kabati la seva, akawa anachapa kibodi kwa mkono mmoja na kung'ong'ona paja kwa mkono mwingine. Mafuta yalibaki kwenye herufi. Alipomaliza alitafuta cha kujifutia, akachukua tambara langu la kufutia vumbi la mashine, lile ninalolifua kila Jumamosi, akafuta vidole, akafuta mdomo, akalitupa chini. Mfupa akauacha juu ya kabati. Niliuokota mimi. Mpaka leo nikifikiria siku ile, kabla ya kitu kingine chochote nausikia ubaridi wa ule mfupa.

Zamu ya asubuhi haikushushwa, kumpisha. Ilipofika saa tano alikuwa amemaliza mashine ya kontena. Akatazama nje, akaiona njia ya nyumba ya pampu ilivyokuwa tope tupu, akatazama viatu vyake.

"Mzee," akaniambia, "ile ya kule sina haja ya kuifuata. Naivalisha hii anwani ya mwenzake kidogo, naijaribu hapahapa mpaka ikubali, halafu nakopi kila kitu kwenye diski, wewe unaipeleka unaichomeka."

"Anwani ndiyo ile namba yake, bosi?"

"Ndiyo ile namba. Kama namba ya nyumba. Wewe endelea na tambara lako."

Nikaendelea na tambara langu, ila maneno hayo niliyaweka. Watu hawajui kwamba aliyesoma kidogo anakumbuka sana, kwa sababu hana mahali pengine pa kuyaweka.

Diski niliipeleka mimi, na mguu wangu huu, kwenye tope. Nikaichomeka kama alivyonielekeza kwa simu, mashine ya pampu ikaamka, taa zikawa kijani. Lakini kwenye ukuta wa nyumba ya pampu kuna kioo, ndicho pekee mgodini kinachoonyesha kina cha maji kwa sentimita, na kioo kile nimekiangalia miaka minne. Namba yake haitulii. Ni arobaini, ni arobaini na moja, inarudi arobaini, kwa sababu maji yanacheza. Siku hiyo iliandika arobaini ikakaa. Nikahesabu pumzi mia moja. Arobaini. Ilikuwa imesimama kama jicho la samaki wa sokoni.

Nikarudi kumwambia. Akanipa jibu la kwanza: waya umekatwa.

"Na nani?"

"Panya. Migodini mna panya wengi."

Mimi panya wa pale nawajua, wapo jikoni, kwenye unga. Hakuna panya mwenye akili anayeacha unga akachimbe ardhi ya mawe kutafuta plastiki. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Mzee, tusibishane na teknolojia. Fukua mtaro." Nikafukua. Hatua thelathini, kwa sululu, goti moja limenyooka kama mti, mvua inanipiga mgongoni. Waya ulikuwa mzima, safi kama ulivyozikwa. Nikamwita aje auone. Akatoa kichwa mlangoni, akatazama tope, akasema, "Fukua mbele zaidi," akarudi kwenye kiyoyozi.

Mama wa winchi, yule anayeshusha na kupandisha watu kwa mashine, alikuwa amekaa kwenye kibanda chake ananitazama. Mama huyu hana breki mdomoni.

"We baba, unazika au unazikua?"

"Natafuta panya."

"Panya yupo humo kontenani, ana viatu vyeupe."

Nilicheka, nikaendelea na sululu. Mama yule alikuwa ameshika mkono wa winchi miaka mingi, na watu wote walioshuka walipita mikononi mwake. Alikuwa na haki ya kusema.

Baada ya panya, mtaalamu akahamia kwenye swichi, kile kisanduku nyaya zinapokutana. Akachomoa hapa, akachomeka pale. Arobaini. Akasema toleo jipya limekuja na ukuta wake wa ulinzi, limefunga milango ya mawasiliano lenyewe. Akaifungua milango yote, hata ile ambayo yule fundi mama aliniambia isifunguliwe milele. Arobaini. Akasema basi ni kioo cha kule kimeganda, kitu cha kioo tu, kitazimwa na kuwashwa kesho. Saa saba na nusu ilikuwa imefika. Alishachoka na alitaka kurudi Shinyanga kabla barabara haijaharibika zaidi.

Hapo ndipo meneja alipoingia. Yeye mtindo wake ni kijiti cha meno. Anakizungusha mdomoni, anakitoa, anakitazama alichotoa nacho, anakirudisha. Nyuma yake alikuja mdogo wangu amevaa kofia ngumu, na watu wake saba wamesimama nje chini ya bati.

"Zamu moja imeshalala," meneja akasema. "Ya pili hailali. Mawasiliano yapo au hayapo?"

"Yapo bosi," mtaalamu akasema. "Tazama." Akaandika amri ya kuita, ileile ya kwenye daftari langu, akaiita mashine ya pampu. Majibu yakaanza kushuka kwenye kioo, mstari baada ya mstari, haraka haraka.

"Unaona? Iko sawa. Inajibu."

Ndiyo hayo maneno.

Inabidi niseme ya mara ya kwanza, maana bila hayo mtu ataniona mkorofi tu.

Kwenye maduara ya kienyeji hakuna seva. Kuna kamba. Shimo likitikisika, wa juu anavuta kamba mara tatu, na wa chini akiwa hai anarudisha mara tatu. Lakini mchimbaji yeyote aliyekomaa anajua kwamba hapo hujamaliza. Kamba ikinasa kwenye gogo la kushikilia ukuta, nayo inarudisha. Unavuta, inavutika, inarudi, na mkononi unaona kama mtu anakujibu. Kwa hiyo ni lazima uilegeze, unyamaze, halafu uvute mara mbili. Mtu atarudisha mbili. Gogo halijui kuhesabu.

Siku tuliyofunikwa, aliyekuwa juu ni mwenye duara mwenyewe. Nilikuwa nimelala chali, jiwe juu ya goti, tochi ya kichwani bado inawaka. Wenzangu wawili walikuwa hai. Mmoja alikuwa anazungumza, anauliza kama ng'ombe wamerudi, akili ilikuwa imeshamwondoka. Nikaiona kamba. Ilikuwa imenasa kwenye gogo lililoanguka, juu yangu kidogo, mkono haufiki. Ikacheza. Tatu. Ikarudi kwa nguvu ya gogo. Nikapiga kelele mpaka koo likachanika. Haikucheza tena. Baadaye waliokuwepo juu waliniambia mwenye duara alisema, "Iko sawa, inajibu," akaenda kula. Walianza kufukua jioni. Yule wa ng'ombe alikuwa ameshanyamaza, na yule wa pili pia.

Mwenye duara yuko hai. Amenenepa. Siku za ibada anakaa benchi la mbele.

Basi nilikuwa nimesimama kwenye kontena, tope mpaka magotini, naitazama ile mistari ya majibu. Nikaona kitu. Kila mstari una hesabu ya muda, na ile hesabu naijua kama ninavyoijua sauti ya mke wangu. Siku zote ilikuwa sifuri nukta tatu, mara sifuri nukta nne. Siku hiyo ilikuwa sifuri nukta sifuri tatu. Sifuri moja ilikuwa imeongezeka.

"Bosi," nikamwambia mtaalamu, "mbona inajibu upesi hivi?"

Akacheka, akamgeukia meneja. "Ndiyo faida ya kupandisha toleo, mzee. Spidi."

"Hatua mia za waya ziko palepale. Imejibu kabla haijaulizwa."

"Mzee wangu, umesoma mtandao chuo gani?"

Meneja akacheka na yeye. Mdogo wangu hakucheka, ila alikuwa na haraka, watu wake walikuwa wamelowa. "Kaka," akasema kwa upole, "na wewe na kamba zako. Mtaalamu si amesema? Jibu lipo?"

Aliniuliza kama ilivyo desturi, mbele ya watu, na desturi inanitaka nijibu neno moja kati ya mawili. Nikaona mkono wa mama. Nikaingiza mkono nyuma ya kabati, nikaushika ule waya mmoja tu unaotoka kontenani kwenda nyumba ya pampu, nikauchomoa. Nikauinua juu wote wauone, ncha yake ikining'inia.

Kwenye kioo majibu yaliendelea kushuka. Mstari, mstari, mstari. Sifuri nukta sifuri tatu.

Kijiti cha meneja kilisimama.

"Haya," nikasema. "Waya ninao mimi. Huyo anayejibu ni nani?"

Mama wa winchi alikuwa ameshafika mlangoni, sijui aliacha kibanda saa ngapi. Akaangua kicheko kile chake. "Ayaaa! Kumbe linaongea peke yake! Kama mlevi wa gongo: linajiuliza, linajiitikia!"

Mtaalamu masikio yalibadilika rangi. Nami nikakumbuka yale niliyoyaweka asubuhi. "Si ulisema unaivalisha anwani ya mwenzake kidogo?" nikamwuliza. "Uliivua?"

Hakuivua. Mashine ya kontena ilikuwa imebaki na namba mbili, yake na ya nyumba ya pampu. Ikiita pampu, inajiita yenyewe. Ikituma habari za maji kwenda kwa mwenzake, inajitumia yenyewe, inapokea yenyewe, inawasha taa ya kijani kwamba imefika salama. Na mwenzake kule, mwenye mikono, ameketi na arobaini ya asubuhi. Panya, mtaro, swichi, ukuta, milango, yote ilikuwa takataka ya mtu aliyeogopa kuchafua viatu, na akili yake ikatangulia kwenye barabara ya Shinyanga kabla yake.

Unadhani meneja alisema nini? Alinigeukia mimi.

"Nani kakuruhusu kugusa waya?"

Mdogo wangu alimtazama. Halafu akakaa chini palepale mlangoni, kwenye maji, akavua buti moja, akavua la pili, akayaweka pembeni yamesimama sambamba kama mtu anayeingia kulala. Wale saba nje walipomwona wakakaa nao. Mabuti kumi na sita yakapangwa kwenye tope.

"Bhabha," mdogo wangu akamwambia meneja, kwa Kisukuma cha heshima kabisa ambacho kilikuwa kibaya kuliko tusi, "sisi tupo. Atakapojibu mwenye nyumba, tutashuka."

Mtaalamu akachapa. Mistari miwili tu aliandika! Siku nzima, mtaro wa hatua thelathini, kwa kitu cha mistari miwili. Nikaurudisha waya. Ikapita kama dakika moja hivi.

King'ora kikalia.

Kile king'ora nilikuwa nakifuta vumbi, lakini sikuwahi kukisikia kikilia kweli, ni majaribio tu ya sekunde mbili. Kilijaza uwanja mzima. Pampu ikanguruma, bomba likatetemeka, likakohoa hewa, likaanza kutema maji mekundu. Nikavuta mguu kwenda nyumba ya pampu kukitazama kioo. Mia na thelathini na nane. Alama nyekundu ya hatari imechorwa kwenye mia. Yaani wakati mtaalamu anakula kuku maji yalikuwa yanapanda, wakati mimi nafukua panya yalikuwa yanapanda, na wakati meneja anasema zamu ya pili hailali yalikuwa yameshapita magotini pale ambapo mdogo wangu na wenzake wangekanyaga wakitoka kwenye ndoo ya winchi, kwenye giza, na ufa uko wazi.

Nilitoka nje nikatapika nyuma ya nyumba ya pampu. Si kwa hofu. Hofu naijua, ina baridi. Hii ilikuwa ya moto, ilikuwa na ladha ya mafuta ya kuku, na mimi kuku wake sikula.

Nilifikiri yameisha pale. Nilikuwa mjinga. Siku nane baadaye ikaja taarifa kutoka ofisi kuu, kurasa mbili, muhuri wa buluu. Mtaalamu ndiye aliyeiandika na meneja ndiye aliyeipitisha. Niliisoma taratibu kwa kidole. Ilisema upandishaji wa mfumo ulifanikiwa kikamilifu. Ilisema kulitokea hitilafu ndogo ya mawasiliano "kutokana na waya kuchomolewa na mhudumu asiye na mafunzo." Ilisema king'ora kilifanya kazi kama ilivyokusudiwa. Ilimshukuru meneja kwa kusimamisha zamu kwa tahadhari. Nikarudia mstari huo mara tatu nikidhani macho yananidanganya. Kwa kusimamisha zamu!

Pamoja nayo ilikuja barua yangu ya onyo. Kontena likafungwa kufuli na mimi nikahamishiwa getini kuandika magari yanayoingia. Nilisaini kwamba nimeipokea. Meneja alinipa kalamu yake, na kalamu ilikuwa na alama za meno kwenye kifuniko.

"Usichukulie vibaya, mzee," akasema. "Ni utaratibu."

Nilimwambia, "Wabeja," asante ya kwetu, nikaenda kunawa mikono.

Basi nawataja. Mtaalamu ndiye aliyeivalisha mashine namba ya mwenzake asiivue, na akaandika uongo akijua ni uongo. Meneja ndiye aliyetaka kushusha watu wanane kwa neno la mtu aliyekuwa anatazama saa. Aliyegonga muhuri kule Shinyanga hakuniita hata kuniuliza, ingawa namba yangu ya simu imeandikwa kwenye mlango wa kontena kwa rangi. Na yupo wa nne, yule wa benchi la mbele, ambaye hakuwepo siku hiyo lakini nilimwona kwa kila mmoja wao. Wote hawa wanalala vizuri. Mtaalamu nasikia amepandishwa naye, kama mfumo.

Mdogo wangu aliniuliza kama nataka aache kazi turudi nyumbani kulima. Nilitaka kusema ndiyo. Nikatazama viganja vyake, nikafikiria mvua za Kishapu zinavyokuja na kutokuja. Nikamwambia, "Fanya unavyoona, lakini usishuke kwa taa ya kijani."

Ila wiki iliyofuata nilikuwa getini, saa nane kasoro, upepo unaleta sauti kutoka shimoni. Aliyewekwa kontenani badala yangu ni mtu mwenye cheti. Kwenye mlango wamebandika tangazo lenye muhuri: ni marufuku mtu yeyote kugusa nyaya. Nikamsikia mdogo wangu anauliza kwa sauti kubwa, kama kawaida, "Jibu lipo?"

"Lipo," akasema wa cheti.

"Chomoa."

"Kaka, tangazo linasema..."

"Soma tangazo halafu chomoa. Au shuka wewe."

Mama wa winchi akadakia kutoka kwenye kibanda chake, "Chomoa, baba, mimi mashine siwashi! Umeme wangu una aibu!" Watu wakacheka. Nikasikia kabati la chuma likigongwa.

"Imekatika?" mdogo wangu akauliza.

"Imekatika. Hamna jibu."

"Rudisha."

Kalamu nikaiacha juu ya daftari la magari.

"Limerudi."

Winchi ikaanza kulia. Kila zamu wanafanya hivyo sasa, ya asubuhi na ya mchana, chini ya lile tangazo, na meneja akipita anajifanya anaangalia simu yake. Mimi nasimama getini kalamu mkononi, lori likipiga honi nalisubirisha, mpaka nisikie maneno yote matatu kwa mpangilio wake: lipo, imekatika, limerudi. Ndipo nafungua.